Mtandao wa Intaneti Nyumbani: Kuuanzisha, Kuusimamia na Kuulinda

Utangulizi

Tuchukue mfano wa kaya ya watu sita. Mwanzoni mwa mwaka kaya hiyo iliunganishiwa huduma ya intaneti ya malipo ya mwezi. Fundi aliweka ruta sebuleni, nyuma ya runinga, akaonyesha nywila iliyobandikwa chini ya kifaa, kisha akaondoka. Baada ya miezi miwili, mtoto anayesoma chuo alilalamika kwamba chumbani kwake video za masomo zinakwama. Mkuu wa kaya alipandisha kifurushi, na mwezi uliofuata akakipandisha tena. Hali haikubadilika, kwa sababu kasoro haikuwa katika kifurushi. Mawimbi yalikuwa yanazuiwa na runinga pamoja na kuta mbili za zege, na nywila ambayo haikuwahi kubadilishwa ilikuwa imeshafika nyumba tatu za jirani.

Mfano huu unaonyesha jambo ambalo kila mtumiaji anapaswa kulielewa kabla ya kulipia huduma. Intaneti ya nyumbani ina sehemu mbili. Ya kwanza ni njia inayoifikisha intaneti kwenye nyumba, na hiyo ni dhamana ya mtoa huduma. Ya pili ni mtandao wa ndani, kuanzia kwenye ruta hadi kwenye simu, kompyuta na runinga, na hiyo kwa sehemu kubwa ni dhamana ya mwenye nyumba. Asiyejua mpaka huo ulipo hulipia kisichohitaji kulipiwa, na wakati mwingine huvumilia kasoro ambayo ana haki ya kudai irekebishwe. Makala haya yanaeleza namna ya kuutambua mpaka huo na namna ya kuisimamia vyema sehemu iliyo upande wako.

Vifaa vya mtandao wa nyumbani

Mtandao wa nyumbani ni muunganiko wa vifaa vya kaya moja vinavyotumia kwa pamoja njia moja ya intaneti. Njia hiyo inaweza kuwa kebo ya mkongo iliyofikishwa hadi nyumbani, antena iliyofungwa juu ya paa, au laini ya simu ya 4G au 5G iliyowekwa ndani ya ruta.

Vifaa vya msingi ni viwili. Kimoja ni modemu, ambayo hupokea mawasiliano kutoka kwa mtoa huduma na kuyageuza yaweze kusomwa na vifaa vya nyumbani. Cha pili ni ruta, ambayo hukipa kila kifaa anwani yake ya ndani, huelekeza mawasiliano yanakotakiwa kwenda, na hurusha mawimbi ya Wi-Fi. Siku hizi vyote viwili mara nyingi huwa ndani ya kisanduku kimoja, ndiyo maana watu wengi hukiita kisanduku hicho ruta.

Iwapo utanunua ruta mwenyewe badala ya kupewa na mtoa huduma, hakikisha imeidhinishwa kutumika nchini na inaendana na aina ya huduma uliyojiunga nayo. Ruta iliyotengenezwa kwa ajili ya laini ya simu haiwezi kupokea kebo ya mkongo, na baadhi ya ruta hufungwa kiwandani zisikubali laini ya mtoa huduma mwingine. Uliza kabla ya kulipa.

Kasi na kiasi cha data: nini unachonunua

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti (MB) au gigabaiti (GB). Baiti moja ni biti 8. Hivyo, kifurushi cha Mbps 20 hakipakui MB 20 kila sekunde, bali MB 2.5. Faili la GB 1 kwa kasi hiyo litachukua takriban dakika 7. Mtumiaji asiyeifahamu tofauti hii huweza kudhani amepunjwa wakati amepewa alichonunua.

Ili kukadiria kasi inayokutosha, hesabu shughuli zinazofanyika kwa wakati mmoja na si idadi ya vifaa vilivyomo nyumbani. Video ya ubora wa juu huhitaji takriban Mbps 5, na mkutano wa video takriban Mbps 3. Kaya ambayo saa mbili usiku ina runinga moja inayoonyesha filamu, wanafunzi wawili walio darasani kwa video na simu kadhaa zinazotumika kwa ujumbe na picha, itatosheka na Mbps 15 hadi 20 zinazopatikana kwa uhakika. Kifurushi cha kasi kubwa kuliko hiyo hakitaongeza lolote mahali ambapo mawimbi hayafiki.

Kiasi cha data ni jambo lingine. Kwa kifurushi chenye kikomo, video ndiyo mlaji mkubwa. Saa moja ya video ya ubora wa juu hutumia hadi GB 3, na ya ubora wa kawaida takriban GB 1. Familia inayotazama saa mbili kila siku itatumia karibu GB 180 kwa mwezi katika hali ya kwanza, na karibu GB 60 katika hali ya pili. Badiliko hilo moja katika mipangilio ya runinga huweza kuokoa fedha nyingi kuliko katazo lolote la matumizi ya simu.

Kabla ya kutia saini mkataba, muulize mtoa huduma maswali yafuatayo, na uombe majibu kwa maandishi:

1. Je, kasi iliyotajwa ni ya uhakika au ni kiwango cha juu kabisa kinachoweza kufikiwa?
2. Kasi ya kupakia ni ipi? Wanaofanya mikutano ya video na wanaotuma mafaili makubwa huihitaji sawa na ya kupakua.
3. Je, kifurushi kisicho na kikomo hupunguziwa kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi? Ni kiasi gani?
4. Ruta ni mali ya nani, na ikiharibika nani atagharamia?
5. Ukihama nyumba au ukisitisha mkataba, kuna gharama zipi?

Mahali pa kuiweka ruta

Ruta huwekwa mara nyingi mahali ambapo kebo imeingilia ndani, si mahali ambapo intaneti inahitajika. Mwombe fundi, kabla hajaanza kutoboa ukuta, aifikishe kebo katikati ya nyumba. Mita chache za kebo siku hiyo zitakuepusha na usumbufu wa muda mrefu.

Weka ruta juu, kwenye rafu au juu ya kabati, palipo wazi. Zege lenye nondo, milango ya chuma, mabati, vioo vikubwa, jokofu na tangi la maji huzuia au hudhoofisha mawimbi. Usiifungie kabatini wala kuificha nyuma ya runinga. Jiko la maikrowevu nalo, linapowaka, huweza kuvuruga mawimbi yaliyo karibu yake.

Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi katika masafa mawili. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hubeba mzigo mdogo na huwa na msongamano, hasa katika majengo ya ghorofa na nyumba zilizosongamana. Masafa ya gigahezi 5 hubeba mzigo mkubwa kwa kasi, lakini hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta. Kwa hiyo, runinga na kompyuta zilizo karibu na ruta ziunganishwe kwenye gigahezi 5, na vifaa vilivyo mbali vitumie 2.4. Pale ambapo ruta za majirani zinaingiliana na yako katika gigahezi 2.4, chagua katika mipangilio chaneli ya 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani.

Kifaa kisichohamishwa, kama vile kompyuta ya mezani au runinga, kiunganishwe kwa kebo inapowezekana. Kebo ya kawaida ya mtandao hufanya kazi vyema hadi urefu wa mita 100, haiathiriwi na kuta, na huwapunguzia watumiaji wa Wi-Fi msongamano.

Iwapo chumba cha mbali bado hakipati mawimbi, kipo kifaa cha kuyapokea na kuyarusha upya. Kosa la kawaida ni kukiweka ndani ya chumba kisicho na mawimbi, ambako hakina cha kupokea. Kiweke katikati ya safari, mahali ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu. Fahamu pia kwamba baadhi ya vifaa hivyo hupunguza kasi hadi karibu nusu, kwa kuwa hupokea na kurusha katika masafa yaleyale.

Kuufunga mlango wa mtandao wako

Ruta ina nywila mbili, na watumiaji wengi huifahamu moja tu. Ya kwanza ni ya Wi-Fi, ambayo hupewa wanaotaka kujiunga. Ya pili ni ya usimamizi, ambayo hufungua mipangilio ya ruta yenyewe. Anayeipata nywila ya usimamizi anaweza kubadilisha kila kitu, ikiwemo kuzielekeza kompyuta za nyumbani kwenye tovuti bandia zinazofanana na ya benki yako.

Hatari hii imekwisha kuonekana. Mwaka 2016, programu haribifu iliyojulikana kwa jina la Mirai ilisambaa duniani kwa kujaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani katika kamera za ulinzi, ruta na vifaa vingine vya aina hiyo. Vilivyofunguka vilitumiwa kushambulia mitandao mingine. Mwezi Oktoba mwaka huo, shambulio dhidi ya kampuni ya Dyn ya Marekani lilisababisha watu wengi washindwe kwa saa kadhaa kuzifikia tovuti mashuhuri, zikiwemo Twitter na Netflix. Wenye vifaa hivyo, kwa sehemu kubwa, hawakujua kwamba kamera na ruta zao zilikuwa zinashiriki katika uhalifu.

Kila mtumiaji anashauriwa achukue hatua zifuatazo siku ileile anapofungiwa huduma:

1. Jiunge na ruta, fungua kivinjari, kisha andika anwani ya usimamizi iliyo kwenye lebo ya kifaa. Mara nyingi huwa ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1.
2. Badilisha nywila ya usimamizi. Isifanane na ya Wi-Fi, na usimpe mtu asiyehusika na usimamizi wa mtandao huo.
3. Badilisha jina na nywila ya Wi-Fi. Jina lisitaje ukoo wako wala namba ya nyumba. Nywila iwe ndefu. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni rahisi kukumbukwa na ni magumu kukisiwa. Epuka namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa.
4. Katika sehemu ya usalama, chagua WPA3, au WPA2 ikiwa ruta au vifaa vyako havina WPA3. Usitumie WEP, ambayo wataalamu waliweza kuivunja tangu mwaka 2001.
5. Zima WPS, njia ya kujiunga bila kuandika nywila. Udhaifu wa namba yake ya tarakimu 8 ulibainishwa hadharani mwaka 2011.
6. Zima ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba, isipokuwa mtoa huduma ameeleza kwamba anaihitaji.
7. Ruhusu programu endeshi ya ruta ijisasishe yenyewe. Masasisho hayo huziba mianya iliyogunduliwa baada ya kifaa kutoka kiwandani.

Kamera za ulinzi zinastahili uangalifu wa pekee, kwa maana zinaona ndani ya nyumba. Kila kamera ibadilishwe nywila yake ya kiwandani kabla ya kuanza kutumika.

Wageni, majirani na watoto

Ukarimu ni desturi yetu, na mgeni akishakaribishwa maji, siku hizi huuliza nywila. Hakuna ubaya kumpatia, ila asipewe nywila ya mtandao mkuu. Ruta nyingi zina uwezo wa kuanzisha mtandao wa wageni wenye jina na nywila yake. Mgeni hupata intaneti, lakini hafikii kompyuta, printa wala kamera zako, na nywila hiyo inaweza kubadilishwa bila kuisumbua familia. Kamera, runinga na vifaa vingine janja visivyohitaji kuwasiliana na kompyuta yako navyo vinaweza kuwekwa huko.

Kwa upande wa majirani, kumbuka kwamba huduma imeandikishwa kwa jina lako. Mtu akitumia mtandao wako kutenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, uchunguzi huweza kuanzia kwa mteja aliyeandikishwa, yaani wewe. Aidha, kuwauzia wengine intaneti ni biashara inayohitaji leseni, na mkataba wako wa nyumbani haukupi ruhusa hiyo. Wapangaji wanaotaka kuchangia huduma moja wazungumze kwanza na mtoa huduma kuhusu kifurushi kinachoruhusu matumizi ya namna hiyo.

Kuhusu watoto, ruta nyingi humwezesha mzazi kupanga saa za kila kifaa kupata intaneti na kuzuia tovuti zisizofaa. Vizuizi hivyo vinasaidia, lakini vina ukomo: mtoto mwenye bando katika simu yake huvikwepa kwa kuzima Wi-Fi. Havichukui nafasi ya mazungumzo. Mweleze mtoto sababu ya kila kizuizi, na umhakikishie kwamba akikutana na jambo la kumtisha mtandaoni anaweza kuja kwako bila kuogopa kunyang'anywa simu.

Usimamizi wa kila mwezi

Mara moja kwa mwezi, fungua ukurasa wa usimamizi utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vitambue kimoja kimoja. Kisichotambulika baada ya kuwauliza watu wote wa nyumbani kiondolewe, na nywila ya Wi-Fi ibadilishwe. Pia badilisha nywila kila anapoondoka mtu aliyekuwa anaijua na ambaye hahitaji tena kuitumia, awe mpangaji, msaidizi wa nyumbani au fundi.

Linda pia vifaa dhidi ya umeme. Ruta na kisanduku cha mkongo vichomekwe kwenye kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme unaporejea baada ya kukatika. Betri ndogo ya akiba huweza kuviendesha vyote viwili kwa saa kadhaa. Wakati wa mvua ya radi, chomoa kifaa ukutani mapema, pamoja na waya wa antena ikiwa unaweza kufanya hivyo kwa usalama.

Intaneti inapokatika au kupungua kasi

Fuata utaratibu huu ili kubaini kasoro iko upande gani wa mpaka:

1. Angalia kama tatizo liko kwenye kifaa kimoja au vyote. Likiwa kwenye kimoja, chunguza kifaa hicho.
2. Hakikisha malipo hayajaisha na kebo hazijalegea. Zima modemu na ruta, subiri dakika moja, washa modemu, kisha ruta.
3. Usibonyeze kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani. Kitufe hicho hufuta nywila zote na taarifa za uunganisho, na huweza kukuacha bila huduma hadi fundi afike.
4. Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa kebo, ondoa vifaa vingine vyote, kisha pima kasi. Ikikaribia ile ya mkataba, njia ya mtoa huduma ni nzima na kasoro iko ndani: mahali pa ruta, kuta, au idadi ya watumiaji. Ikiwa chini sana, pima tena asubuhi, mchana na usiku, na uandike matokeo.

Zipo pia hitilafu zilizo mbali na nyumba yako na hata na mtoa huduma wako. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi kadhaa za jirani. Siku kama hiyo, kubadilisha ruta hakusaidii. Uliza kwanza kama majirani wana hali hiyohiyo, na ufuatilie taarifa za mtoa huduma.

Haki ya kulalamika

Ikiwa vipimo vyako vinaonyesha kwamba kasoro iko upande wa mtoa huduma, wasilisha malalamiko kwake kwanza. Eleza tarehe, saa, kasi uliyopima na kasi ya mkataba, na udai namba ya kumbukumbu. Lalamiko lisemalo tu kwamba intaneti ni mbovu ni rahisi kuahirishwa. Lenye vipimo vya siku tano mfululizo ni gumu kupuuzwa. Usiporidhika na majibu, una haki ya kulifikisha lalamiko lako kwenye Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ukiambatisha mkataba, risiti na mawasiliano yote yaliyofanyika.

Hitimisho

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tenga ukurasa mmoja katika daftari la nyumbani kwa ajili ya mtandao wako: tarehe ya mkataba na kasi uliyoahidiwa, tarehe za malipo, nywila ya usimamizi, orodha ya vifaa vya kaya, vipimo vya kasi na namba za kumbukumbu za malalamiko. Lihifadhi mahali ambapo wageni hawafiki. Kaya tuliyoitaja mwanzoni ingekuwa na ukurasa huo, ingegundua mapema kwamba kilichohitajika ni kuihamisha ruta mita nne na kubadilisha nywila, na fedha za vifurushi viwili zingebaki nyumbani.